Mwenye nyumba anataka miezi sita, mimi sina hata mmoja

Assalaam alaykum Bimkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Micheweni, Pemba, na Unguja nimeshakaa miaka mingi. Nimepanga chumba na ukumbi upande wa Mwanakwerekwe kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Asubuhi nauza maandazi na bajia, jioni nikipata unga napika mikate ya ufuta. Si kwa raha, lakini tulikuwa tukilala tumeshiba.

Kabla ya masika mume wangu alinipa talaka moja, akahamia kwa mke mwengine huko Fuoni. Tangu hapo kaleta mchele mara mbili na pesa za madaftari, basi. Kisha mvua zikaja. Maji yaliingia ndani usiku yakapanda hadi kwenye vitanda. Unga, magodoro, nguo za skuli, na friji nililokuwa nikigandishia barafu za kuuza, vyote vimekwenda. Mtaji wangu uliondoka usiku mmoja. Magodoro nimeyatupa kwa sababu yalikuwa yananuka.

Sasa mkataba umekwisha na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, yaani 600,000, na juu yake mwezi mmoja ninaodaiwa. Kanipa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mama yangu ninaye hapa ndani, alikuja kutoka Pemba mwaka juzi kwa ajili ya macho na hajarudi. Ana miaka 73. Cheti cha kuzaliwa hana, ila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anacho.

Dada yangu yuko Uingereza. Kaniambia huko mtu akishindwa na kodi serikali inamlipia, na friji likiharibika ipo ofisi inatoa jengine. Akasema, "Nenda kadai, kwani nyinyi si wananchi?" Nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Akanisikiliza vizuri, akanijibu kuwa fungu la kodi ya nyumba hakuna. Nilipotoka nikamkuta mtu, cheo chake sikijui, akaniambia nikimpa 30,000 ataniingiza kwenye orodha ya kaya masikini. Jirani anasema nimpeleke mama Sebleni kwenye nyumba za wazee ili mzigo upungue. Mwengine anasema niandike barua nipewe nyumba ya maendeleo, zile za serikali.

Bimkubwa, naona haya. Kwetu mtu hapeleki njaa yake ofisini. Ninachotaka kujua ni hiki: ninayo haki serikalini au ninaomba sadaka? Na kama ninayo, naanzia wapi, maana kila mtu ananivuta upande wake.

Mama watoto, Unguja

* * *

Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa maji na pole kwa mtaji.

Nianze na lile linalokuuma. Sheha hakukudanganya: Zanzibar hakuna ofisi inayomlipia mpangaji kodi ya nyumba ya mtu binafsi. Lakini kakupa nusu ya jibu. Ulimpelekea shida nzima kwa mkupuo, talaka, mvua, mama na mwenye nyumba, mwisho wa maneno ukataja kodi, na yeye akajibu la kodi. Ukiipasua hiyo shida utaona kodi ndiyo kipande pekee ambacho serikali haikigusi. Vilivyobaki karibu vyote vina mahali pake, na baadhi yake si sadaka hata kidogo.

Na dada yako umfahamu vizuri. Msaada anaousema unaitwa Universal Credit, ulianza kutolewa mwaka 2013, na ndani yake mna fungu la kodi. Ila anayeomba leo hungoja kiasi cha wiki tano kabla ya malipo ya kwanza, na akishindwa kungoja hupewa pesa za awali ambazo ni mkopo, hukatwa kidogo kidogo baadaye. Fungu la kodi lina kikomo kwa kila eneo, na kodi ikizidi kikomo tofauti anaitoa mwenyewe. Mgeni ambaye ruhusa yake ya kuishi huko imewekewa sharti la kutotumia fedha za umma huwa hapati kitu. Mambo ya friji na vitanda yako kwenye halmashauri za miji, kila moja na masharti yake. Hata hivyo kuna kitu ambacho mtu wa huko anacho na wewe hukupewa: ombi lake lina fomu, jibu lake linakuja kwa maandishi, na akikataliwa anajua pa kukata rufaa. Wewe ulijibiwa kwa mdomo ukaenda zako. Hapa kwetu mambo mengi mno ya mnyonge yanapita kwenye mkono wa mtu mmoja, sheha, na akiwa mwema umepona, akiwa mzito umekwama. Mimi sioni kuwa huo ni utaratibu mzuri, lakini ndio uliopo, kwa hiyo tuutumie. Kila utakapokwenda kuanzia leo, omba karatasi. Barua ya sheha ya kukutambulisha wewe na watoto, na nyengine ya kusema nyumba unayoishi iliingiwa na maji. Hilo hawezi kusema hana fungu lake.

Sasa mama. Barua yako imemtaja kama mzigo ambao jirani anataka upungue, na mimi naona ndiye mwenye haki iliyo wazi kuliko nyote humo ndani. Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa kila Mzanzibari aliyefika miaka 70, awe alikuwa mfanyakazi wa serikali au mkulima wa karafuu ambaye hajawahi kuona hati ya mshahara. Haipimwi kwa umasikini. Ilianza na 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wenzetu wa Bara hawana pensheni ya namna hii mpaka leo, na mimi kila nikisikia mzee wa kwetu hajajiandikisha kwa kuona haya huwa nakasirika.

Hukuniambia kama anaipokea. Fanya hesabu nami: mwaka juzi alipoondoka Micheweni alikuwa na 71, maana yake umri ulikuwa umeshatimia akiwa huko huko. Basi ama aliandikishwa Pemba na jina lake liko kwenye shehia ambayo hayupo, ama hakuandikishwa kabisa. Leo leo mpigie simu mtu wa kwenu aende kwa sheha wa huko akaulize. Kama jina lipo, inatakiwa barua ya huko kuja shehia mnayokaa sasa, kisha afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya afanye uhamisho. Kama halipo, mnaanza upya na kitambulisho chake. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo muiangalie kwanza, kwani wazee wengi waliandikiwa miaka ya kukisia. Ikiwa imemfanya mdogo kuliko alivyo, hilo lirekebishwe kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kabla hamjapoteza nauli kwengine. Pensheni ya miezi iliyopita usiipigie hesabu mpaka ofisi ikuambie yenyewe. Na mwanangu, pesa hiyo ni ya mama. Muulize kama ataridhia kuchangia kodi. Ninavyowajua wazee wa Pemba, ataona fahari, lakini aulizwe.

Sebleni usiende. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na ile ya Limbani kule Wete, ziliwekwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Mama yako anaye.

Nije kwa mtu wa Fuoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko ofisi yoyote uliyotajiwa. Kakupa talaka moja. Hiyo ni talaka rejea, yaani mume anaweza kukurejea kabla eda haijaisha, na mwanamke aliyemo kwenye eda ya talaka rejea ana haki ya makazi na chakula kwa mumewe mpaka eda iishe. Suratul Talaq imelisema wazi: wasitolewe majumbani mwao, wakalishwe pale wanapokaa waume kwa kadiri ya uwezo wao. Kwa maneno ya sokoni, kodi ya miezi ya eda ni yake yeye. Hata kama eda imeshapita, katika fiqhi yetu ya Kishafii matumizi ya mke ambayo hayakulipwa hayapotei, yanabaki kuwa deni shingoni mwake.

Ya watoto ni kinyume chake, na wanawake wengi hawalijui hili. Matunzo ya mtoto kwa Mashafii siku zikipita zimepita, hayageuki deni mpaka kadhi awe ameyaamua. Kila wiki unayokaa kimya ukisema "ataleta tu" ni wiki ambayo huenda hutoidai tena. Ndiyo maana nakuambia hili lisingojee mwisho wa mwezi. Mchele mara mbili si matunzo, ni zawadi ya mgeni.

Mlango wa kwanza ni mratibu wa wanawake na watoto wa shehia yako. Kila shehia inaye, na mara nyingi ni mwanamke unayekutana naye kisimani na hujui kazi yake. Atakupeleka ustawi wa jamii wilayani, ambako baba huitwa na kuandikishwa kiwango cha kutoa. Wengi huishia hapo kwa amani. Akikaidi, ni mahkama ya kadhi, na kwa upande wa watoto Sheria ya Mtoto ya 2011 nayo imembana mzazi asiyetunza. Ukifika kwa kadhi usidai matunzo peke yake: dai na kitoka nyumba, kile mume anachompa mke aliyemwacha, dai mahari kama kuna yaliyobaki, na kama nyumba ya Fuoni ilijengwa kwa maandazi yako nayo, sema. Sheria ya Mahkama za Kadhi ya 2017 imeruhusu kusikilizwa madai ya mali mliyochuma pamoja, ila kadhi anataka ushahidi wa ulichotia, si kilio. Wakili huna haja ya kumlipa. Wako wasaidizi wa sheria majimboni, na wako wanasheria wanawake wa ZAFELA, kazi yao ni watu kama wewe.

Kwenda ustawi wa jamii usione haya. Anayestahili kuona haya anakaa Fuoni.

Kuhusu maji: Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, hufanya tathmini baada ya mvua na kusaidia walioathirika, na orodha inaanzia kwa sheha. Usitegemee pesa taslimu. Mara nyingi kinachotoka ni vitu, kama chakula, magodoro na mablanketi. Kwa nyumba isiyo na godoro hata moja hilo si dogo. Tatizo lako ni kuwa umetupa ushahidi, kwa hiyo tafuta kama kuna aliyepiga picha usiku ule, wewe au jirani, na onyesha alama ya maji ukutani kabla mwenye nyumba hajapaka chokaa. Andikisha hata kama umechelewa. Aliyeandikwa mwishoni bado ameandikwa.

Yule wa 30,000 usimpe hata mia. Mpango wa kunusuru kaya masikini wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hauuzwi. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa shehia mbele ya watu wote, kisha huhojiwa na kuhakikiwa, na orodha haifunguliwi kila siku. Ukiingia, ruzuku hutolewa kwa masharti ya watoto kwenda skuli na wadogo kupelekwa kliniki, na mwenye nguvu hupewa ajira za muda za kazi za jamii. Una sifa zote nionavyo mimi, kwa hiyo muulize sheha, tena mbele ya mtu, ni lini uhakiki ujao, na siku ya mkutano uwepo mwenyewe na usimame useme. Mnyamavu hatajwi. Huyo mchuuzi wa majina ukimkuta tena, ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi. Si lazima uende na jina lake, sura na mahali anapokaa panatosha kuanzia.

Nyumba za maendeleo tuziache. Zile za Kikwajuni na Michenzani, na zile za Chake, Wete na Mkoani, zilijengwa baada ya Mapinduzi na watu wakapewa, na leo ziko chini ya Shirika la Nyumba. Hazikuwahi kuwa nyumba za dharura. Atakayekuambia anakutafutia nafasi kwa kitu kidogo, huyo ni ndugu yake yule wa 30,000.

Umeuliza kama ni sadaka. Kuna moja tu kati ya hizi iliyo karibu na unachokiita sadaka, nayo ni zaka, na zaka haiombwi kwa kuinamisha kichwa kwa sababu ni haki ya anayestahiki ndani ya mali ya tajiri. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hukusanya zaka na kuigawa. Kati ya makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba wamo mafakiri na masikini, ambao kila mtu anawajua, na wamo gharimina, watu walioelemewa na madeni. Wewe una deni la kodi lenye jina, kiasi na tarehe. Liandike hivyo katika ombi lako, uambatanishe barua ya sheha na mkataba wa nyumba. Ombi lenye deni mahsusi hushughulikiwa kwa urahisi kuliko lile linalosema "hali yangu mbaya". Wapo na matajiri wa mtaani wanaotoa zaka zao kwa mkono wao, imamu wa msikiti wenu anawajua. Mwambie mkewe ukiona uzito kumwambia yeye.

Hizo zote hazitofika kabla ya mwisho wa mwezi, nalijua hilo. Sasa twende kwa mwenye nyumba.

Mimi siungi mkono ulipe miezi sita katika nyumba hiyo, hata kama ungekuwa nazo. Miezi sita kutoka sasa inakufikisha kwenye vuli. Unataka kutoa 600,000 ukangoje maji ndani ya ukumbi ule ule? Nenda kwake na mtu mzima wa kiume wa upande wenu, au mwombe sheha awe shahidi, kwa sababu kusuluhisha watu wa shehia yake nayo ni kazi yake. Mpe maneno haya: nitakulipa mwezi ninaodaiwa na mwezi mmoja mbele, jumla 200,000, kisha mwezi kwa mwezi mpaka nipate pengine, na sitokuzuia ukipata mpangaji mwengine. Nyumba iliyoingia maji si rahisi kupata mpangaji wa miezi sita, naye anajua. Mkikubaliana, iandikwe na isainiwe, hata kama ni kwenye daftari la mtoto. Ukishapumua, tafuta mtaa wa juu zaidi, uulize majirani wa huko, si dalali, maji yalifika wapi masika hii.

Na hiyo 200,000 itoke wapi? Itoke kwa dada. Ukisoma barua yako yeye ndiye aliyekutuma ukadai, basi naye adaiwe. Usimwombe friji, wala mtaji, wala miezi sita. Mtumie picha ya makubaliano yaliyosainiwa na kiasi kamili, umwambie ni ya mara moja, na kwamba ya mwezi unaofuata unaifuatilia kwa baba watoto na kwa pensheni ya mama. Mtu wa nje akiona karatasi na tarakimu hutuma upesi kuliko akisikia kilio cha simu. Maandazi usiyasimamishe, chukua unga kwa mkopo dukani wa siku moja moja, usikope wa wiki.

Sheha akikataa kukuandikia barua, nenda kwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya ukaulize sababu, kisha niandikie.

Bimkubwa